Mama Mkwe Katika Chumba cha Volkano

Mwongoza wageni wa makumbusho, ambaye wanafunzi walimwita Bi Lava, alifundisha kwa fimbo ndefu, mfano wa dunia uliokatwa kama keki, milima mitatu ya plasta na ukoo wa mumewe. Huo ukoo haukuwa mali ya makumbusho, lakini ndio uliowazuia watoto kusinzia.

Ganda la dunia, alieleza, limegawanyika katika vipande vikubwa vinavyosogea kwa mwendo wa kucha zinazoota. Vinapoachana, mwamba wa moto hupanda kuziba pengo. Vinapogongana, kimoja huweza kuzama chini ya kingine, na juu yake volkano huzaliwa. Hiyo ndiyo ndoa, na anayezama ni bibi harusi. Volkano nyingine huchomoza katikati ya kipande, mbali na ukingo wowote, kwa joto linalopanda kutoka chini sana, kama shangazi asiyealikwa.

Kisha fimbo ilihamia kwenye milima. Ule mpana wa miteremko ya pole, uliojengwa na lava nyepesi, alikuwa mumewe: hutoka taratibu, haumshtui mtu. Koni ndogo, iliyorundikwa kwa vijiwe vilivyorushwa juu vikaanguka papo hapo, alikuwa shemeji yake: kelele nyingi, umri mfupi. Ule mrefu wa matabaka ya lava na majivu, wenye lava nzito inayofungia gesi hadi siku ya siku, alikuwa mama mkwe. Ukiuona umenyamaza, aliwaonya, usipige hema.

Mama mkwe huyo ndiye aliyebaki nyumbani na mjukuu mchanga. Alikuwa amekwisha kumwambia mwanawe kwamba, ikiwa kazi yenyewe ni kupangusa vumbi tu, mama wa mtoto aiache akalee mwenyewe. Asubuhi moja alikuja kuhakikisha, mtoto mgongoni, akasimama nyuma ya darasa zima. Fimbo ilikuwa kwenye koni.

Bi Lava akatangaza kwamba muda umekwisha. Saa ya ukutani ilimsuta. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamkumbusha kwamba bado mama mkwe, maana mwaka uliopita ndiye aliyewafurahisha zaidi. Basi Bi Lava akaeleza matabaka, gesi, kunyamaza na mlipuko kwa sauti ya kuomba radhi, bila kumtaja mtu. Mwanafunzi mmoja akauliza mama mkwe yuko wapi sasa.

“Niko hapa,” sauti ikajibu kutoka nyuma.

Alipita katikati ya watoto, akaikagua milima kama anayechagua sufuria dukani, akaichukua fimbo.

“Mimi na kunyamaza wapi na wapi? Chumvi nimeisema, mlango nimeusema, jana nimesema taulo.” Akaigusa koni. “Mimi ni huyu. Shemeji yako kanirithi mimi. Ila hilo la umri mfupi lifute.” Fimbo ikapanda mlima mrefu. “Huyu wa kufunga mdomo na kukusanya ni wewe, mwanangu. Nalala jicho moja wazi.”

“Sawa, mama,” Bi Lava akajibu kwa mazoea, na darasa likaangua kicheko. Akasubiri kitulie. “Lakini lile taulo, mama, uliliacha wewe.”

Mama mkwe akaligeukia darasa. “Mmeona? Moshi umeanza.”

Akakaza mbeleko, akamrudishia fimbo, akawaomba watoto wampishe: alikuwa anamrudisha mjukuu nyumbani, kwa sababu mama yake yuko kazini.