Siku Nilipouhamisha Mto

Nilihamisha mto. Naanza na hilo ili mnaotaka kucheka mcheke mapema, halafu tusikilizane. Mto wenyewe ni huu wetu unaoshuka kutoka milimani na kuingia ziwani, si mbali sana na Liuli, na niliuhamisha mchana kweupe kwa kopo la majivu, nimechuchumaa kwenye uwanja wa shule na sare yangu ya kidato cha tatu, na hakuna aliyeniona isipokuwa kuku (ambao nao walikuwa na kesi yao, nitawafikia).

Ilikuwa hivi. Walikuja watu wa halmashauri kuhuisha mpango wa muda mrefu wa majanga, maana ule wa zamani ulikuwa umezeeka mpaka unatuelekeza tukimbilie upande wa pili wa daraja ambalo mto ulishalibeba. Kiongozi wao, mama mmoja mpole mwenye kofia pana ambaye sote tulimwita Madam, alisema hawezi kukaa ofisini akatupangia pa kukimbilia, tuchore wenyewe. Basi wazee na akina mama wakakichora kijiji kizima mchangani: majivu ndiyo mto, punje za mahindi ndizo nyumba, na vipande vya ndoo nyekundu iliyopasuka vikawekwa kwenye nyumba ambazo masika maji huingia. Mimi nilikuwa mwakilishi wa wanafunzi (walinichagua kwa kuwa naongea sana, wala si sifa), nikapendekeza kipande chekundu kiwekwe pia kwenye darasa la hisabati, kwamba huko ndiko watu wanakozama zaidi. Mwenyekiti wa kijiji akanitazama.

"Osmundi, ukirudia nakupeleka ukakae na mbuzi."

Nikanyamaza. Na kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza ndiyo maana nikamsikia Madam aliposema kwamba kila kaya yenye kipande chekundu, mkuu wa kaya aje mwenyewe siku ya ukaguzi, popote alipo, Mwenyekiti atampigia simu, kwa sababu mtu hawezi kupangiwa kuhama nyumba yake bila mwenyewe kusema neno.

Popote alipo. Baba yangu alikuwa Mbinga. Alipanda huko kuchuma kahawa za watu baada ya nyavu zake kuchakaa, akasema msimu ukiisha narudi, msimu ukaisha ikawa kuna kukoboa, kukoboa kukaisha ikawa kuna kupalilia, na msimu mwingine ukamkuta huko huko. Simu tunampigia tukiwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, ndipo mtandao unaposhika, tunapokezana na mama, na kila mara anasema "wiki ijayo, mwanangu," mpaka nikaanza kudhani Wiki Ijayo ni kituo ambacho magari ya kuja kwetu yanaharibikia. Baba akiwapo hapigi hodi, anapiga mluzi kuanzia chini kwenye mihogo, na mama akiusikia anabandika maji ya kuoga bila kumwambia mtu. Mama hadi leo anasonga ugali wa watu watatu. Ule wa tatu tunaula asubuhi na chai, na hatuuzungumzii.

Sasa mchana wageni na wazee wakaenda kula, nami nikaachwa nilinde ramani, maana punje za mahindi na kuku wa kijiji mnajua wenyewe. Nikalinda kweli. Kisha harufu ya wali ikaja, nikajiambia nachungulia jikoni mara moja tu, nikaomba ukoko, nikapewa, nikautafuna taratibu kwa heshima, na niliporudi kuku walikuwa wamekula kitongoji chetu chote na kuuchakura mto mpaka haujulikani unatoka wapi. Yaani janga kubwa kuliko yote yaliyotajwa tangu asubuhi, na mlinzi wake ni mimi.

Nikachukua kopo la majivu nikaanza kuurudisha. Naapa nilikuwa na nia njema mpaka nilipofika kwenye kona, pale mto unapopita nyuma ya nyumba ya Bibi Filomena, bibi anayeishi peke yake ukingoni kabisa na ambaye kila masika hupandisha kitanda chake juu ya matofali. Pale mkono haukukata kona. Ukaendelea na majivu yake kupanda kilimani kwetu, ukapita mlangoni kwetu, na kile kipande chekundu cha Bibi nikakiokota nikakiweka kwenye punje yetu. Nilijiambia baba akishakuja nitakirudisha. Wazee wakarudi wameshiba, wakaitikia kila kitu, na Madam akaipiga ramani picha.

Siku ya ukaguzi walikuja na nusu ya kijiji nyuma yao. Walipofika kwetu mama alikuwa anaanika mihogo juu ya mwamba, maana nyumba yetu iko juu ya mwamba, hata mvua huwa inapita tu kutusalimia. Madam akatazama simu yake, akatazama mwamba, akatazama tena simu.

"Mama, samahani, mto uko wapi?"

"Uko kule chini, Madam," mama akasema. "Naufuata na ndoo, narudi nimeshika kiuno. Kwani mnauleta?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi Filomena, aliyekuwa amefuata msafara kwa fimbo yake, akasema, "Ndiyo maana kwangu wamepita bila kusimama. Mto wangu kapewa mwenzangu."

Hapo hapo mluzi ukasikika kwenye mihogo.

Mama alinyanyuka na mkono mmoja umejaa mihogo. Baba akatokea anahema, kamba begani, turubai kwapani, mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, kaacha kahawa mtini na kudandia lori, kwa sababu Mwenyekiti alimwambia nyumba yake iko kwenye njia ya maji na kisha simu ikakatika.

"Maji yamefika wapi?" akauliza.

Ilikuwa kiangazi. Mwezi ule hata mto wenyewe ulikuwa unatafuta maji. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na baba akasimama katikati yao na turubai lake, hajui acheke au aombe radhi, nami nikatamani mwamba upasuke.

"Nani kasema yapo?" akauliza tena, polepole.

"Ramani," Mwenyekiti akasema. Kisha akageuka. "Na ramani alilinda nani?"

"Kuku," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na nimezoea kuchekewa. Bibi Filomena alikuwa ananitazama tu.

"Na mimi masika nitakimbilia wapi, mjukuu wangu?"

Niliusogeza mimi, nikasema. Madam akaniuliza kwa nini, na mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia nikabaki nayo machache tu: nilitaka baba apigiwe simu. Baba akaangalia viatu vyake. Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena. Mama akaendelea kuanika mihogo ambayo tayari ilikuwa imeanikwa.

Nilichora upya kijiji kizima mbele ya watu wote, na safari hii Bibi Filomena alikaa kwenye kiti kando ya mto wake akiniongoza kwa fimbo, kona kwa kona, hadi kipande chekundu kikarudi kwake na jina lake likaingia kwa watakaopewa kiwanja juu. Baba alikaa kwetu mpaka Jumapili. Tulichimba naye mtaro nyuma ya nyumba ya Bibi, akamfungia lile turubai, jioni alikula ule ugali wa tatu, asubuhi tukanywa chai tupu, na sijawahi kufurahia chai tupu kiasi kile. Kisha gari la Mbinga likaja. Nimeapa sitashika tena majivu isipokuwa ya kuzoa jikoni.

Tulisimama barabarani mimi na mama hadi vumbi likatulia. Tangu siku ya ukaguzi alikuwa hajanisemesha hata neno moja, na nilijua la kwanza litakuwa zito. Akafunga vizuri kanga yake, akatazama ile barabara tupu, akasema:

"Siku nyingine ukihamisha mto, uniite nikushikie kopo."