Maji Aliyoyaonja Dalenda

Saa tatu asubuhi, siku ya kumi na saba ya Ramadhani, Dalenda Mhadhbi amelala kifudifudi juu ya injini ya dizeli. Kinachoonekana nje ni nyayo mbili tu, zimevaa soksi za sufu.

"Bado u hai huko ndani?" anauliza Hedi, daktari wa meno mstaafu, mwenye mashua.

"Bado. Nipe kitambaa kikavu, daktari. Na usinizibie mwanga, umesimama kama kabati."

Mashua ni ya tanga, ya mita kumi, imefungwa kwenye gati moja nje ya Bizerte, pwani ya Tunisia. Kila asubuhi chumba chake cha injini kinakutwa na maji ya kina cha vidole vitatu. Wiki mbili zilizopita Dalenda ndiye aliyebadilisha pakingi ya shafti, kizibo kinachozuia maji pale shafti ya pangaboi inapotoboa mashua kwenda baharini. Basi maji yalipoonekana, hakuna aliyetafuta mwingine wa kulaumu.

Ripoti ya Ridha Ben Slama, msimamizi wa karakana ya gati, ina mistari minne. Maji ya bahari. Pakingi imefungwa vibaya. Mashua ipandishwe nchi kavu. Kibali cha fundi kufanya kazi gatini kifutwe.

Bila kibali, Dalenda hapiti getini. Dinari hamsini anazopata kwa siku, siku ikimnyookea, ndizo zinazomlisha yeye, mama yake na binti yake Ranim wa miaka sita. Amepewa mpaka adhuhuri kuthibitisha kwamba si yeye.

"Ridha amesaini bila kulowesha hata kidole," anasema akitoa kichwa, grisi imempaka nyusi. "Kamulika tochi, kasema bahari. Maji yamelala chini ya injini, yamechanganyika na mafuta. Utayajua kwa macho? Wewe ni malaika?"

Hasira yake ina sababu. Kila fundi wa pwani hii anajua kipimo cha kwanza: chovya kidole, gusa ulimi. Yakiwa na chumvi, yametoka baharini. Yasipokuwa na ladha, ni ya tangi au yametoka juu. Ni jambo jepesi kama kuonja mchuzi.

Lakini Ramadhani ikiingia, vidole vya mafundi haviendi mdomoni. Si kwamba imekatazwa. Kuonja na kutema hakubatilishi saumu. Ni kwamba hakuna mwanamume gatini anayetaka kuonekana ana midomo iliyolowa mchana. Kwa hiyo mwezi mzima maji yanahukumiwa kwa kukisia.

"Mama yangu anaonja chorba, supu ya futari, kila jioni, anatema, na hakuna anayemsema," anasema Dalenda. "Ila mtu akishika spana, ulimi wake unakuwa mtakatifu!"

Leo yeye mwenyewe hafungi. Wanawake wanaosoma hapa wameshaelewa. Wanaume waulize nyumbani. Miaka tisa gatini, siku zake kama hizi amezificha kama mtu aliyeiba. Kiu inambana na chupa ya maji iko mkobani, lakini hanywi, asije akaonekana. Asubuhi hii, akiwa amezama nusu mwili ndani ya chumba cha injini, alichovya kidole akakipeleka ulimini.

Hayakuwa na chumvi hata kidogo.

Sasa anakausha kila pembe. Anatandika karatasi za jikoni chini ya kila bomba na kuipaka chaki mipira ya maji na nyaya zote, ili tone likipita liache njia yake. Anawasha injini. Nusu saa inapita. Pakingi ya shafti imekauka kama mdomo wa mfungaji.

"Daktari, mvua imenyesha lini mara ya mwisho?"

"Mvua? Tangu kabla ya mfungo sijaiona."

"Basi nani anaimwagia mashua yako maji?"

Hedi anafikiri. "Vijana wa gati wanaosha sitaha kila alfajiri, kwa maji ya bomba."

"Chukua ndoo. Mwaga pale kwenye usukani. Polepole."

Ndoo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kwenye ya tatu, mstari mwembamba unajichora juu ya chaki. Tone linatoka nyuma ya ubao wa mita za usukani, linatambaa na waya wa umeme, linaizunguka injini, kisha linaning'inia juu ya pakingi na kudondoka.

Ubao huo ulifungwa wiki iliyopita na karakana ya Ridha. Una skrubu nne. Moja haikutiwa silikoni.

Ridha anaitwa. Anafika mikono nyuma.

"Bwana Ridha, haya maji si ya bahari."

"Umejuaje?"

"Nimeyaonja."

Ridha anatazama kulia na kushoto. "Umeonja? Mchana? Huoni haya, dada?"

"Nina udhuru wangu, nimepewa na Mungu. Wewe udhuru wa kusaini usichokijua amekupa nani?"

Hedi anakohoa kuficha kicheko. Anawasha jiko dogo la mashua na kuchemsha kikombe cha maji yale mpaka yakaukie. Sufuria inabaki na utando wa mafuta. Chumvi hakuna.

"Haya, yaishe," anasema Ridha. "Vijana wamekosea skrubu. Kibali chako kipo, nenda kazini."

"Vijana hawakuandika ripoti."

"Nimeshasema kipo. Neno langu halitoshi?"

"Kunifukuza ulitumia karatasi. Kunirudisha unatumia mdomo?"

Anakaa juu ya ubao wa kushukia, miguu imeziba njia, mpaka Ridha anaandika ripoti mpya kwa mkono, akilitaja tundu la skrubu na karakana iliyolitoboa. Dalenda anaisoma mara mbili kabla ya kumpisha.

Gatini hapo, ripoti inasainiwa na mkaguzi mwenye leseni tu, na wakaguzi wote watano, Ridha akiwamo, ni wanaume. Mtihani wa leseni uko Tunis, mwezi Septemba. Dalenda ameshajiandikisha, anasoma alasiri, Ranim akichora pembezoni mwa daftari lake.

Anafungua chupa yake na kunywa, pale pale kwenye ubao, mbele ya kila anayepita.

"Nikifaulu," anasema akijifuta midomo, "mstari wa kwanza wa kila ripoti yangu utasema maji yalikuwa na ladha gani."