Jambazi Aliyempisha Mkwewe Njia

Siku yangu ya kwanza katika polisi, Sajini wa kituo cha Saza alinitazama viatu, akatazama vyeti vyangu vya chuo kikuu, akasema, "Hapa, msomi, hatuulizi kwa nini. Tunauliza nani." Nikamjibu kwamba swali la kwanza huzaa la pili. Akanipangia kufagia mahabusu wiki nzima.

Humo mahabusu, chumba cha wanaongoja kesi, nilimkuta Mzee Nzowa, mlinzi wa tawi la benki lililohudumia mgodi wa dhahabu. Jambazi yule yule aliyekwisha kuvamia Mbozi na Tunduma, uso kaufunga kitambaa, alimnyang'anya bunduki mchana kweupe, akaondoka na sanduku. Mkaguzi wa polisi, Mwingereza wa enzi zile za ukoloni, alimshuku mzee kuwa mshirika kwa sababu ya jambo moja katika maelezo yake. Jumatatu angepelekwa mahakamani.

"Nirudie, baba," nilimwomba.

"Alishika njia ya Mbangala, bwana mdogo. Peupe, hakuna wa kumfukuza. Mara akaruka kichakani, kwenye miiba! Kisa? Bibi mmoja alikuwa anakuja na kikapu cha ulezi."

Sajini alicheka mlangoni. "Mwenye bunduki anamkimbia bibi! Mzee, hata uongo umekushinda?"

Mimi sikucheka. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona, huacha njia. Mwiko huo niliubeza sana chuoni, lakini kuubeza si kuusahau. Nikaulizia huko Mbangala: bibi yule wa ulezi ana wakwe wa kiume wangapi?

Mmoja tu.

Tulimkuta mkwe huyo, Simkoko, nyumbani kwake Mbangala, miguu imechanwa na miiba, sanduku limefichwa chini ya kihenge cha mahindi. Hakupigana.

"Mama ndiye aliyenitaja?"

"Hata hakukuona. Naye alikuwa amegeuza uso."

"Kumbe ningepita tu!"

"Ungepita, leo ungekuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde."

Akafikiri. "Hapana, afande. Kuiba, naiba. Lakini adabu ninayo."

Mzee Nzowa aliachiwa jioni ile. Mlangoni alisimama. "Sajini, umeoa wewe?"

"Nimeoa."

"Basi ulikuwa unacheka nini?"

Baadaye nilihudumu Tunduma na Mbozi, chini ya wakaguzi wengi, hadi nikastaafu. Vijana wanaoanza kazi huniuliza kama naamini mila. Siamini. Nazihoji kama ninavyomhoji shahidi yeyote, nazo hujibu.

Juzi, nikitoka sokoni, nilimwona mama mkwe wangu, mkongwe sasa, akija taratibu. Nikasimama, nikabishana na nafsi yangu kwa hoja nzuri kabisa. Kisha nikaingia kwenye mahindi ya watu, nikangoja apite.