Ripoti Niliyoisoma Juu ya Kichuguu

Korona ilipofunga chuo chetu, upande wa Tororo, tuliambiwa masomo yataendelea mtandaoni. Waliosema hivyo walikuwa na mtandao. Kwetu Dabani, karibu na mpaka wa Kenya, ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu cha jirani yetu mjane, na hata hapo ulikuwa wa Kenya. Mpaka ulikuwa umefungwa, askari wamejaa, lakini mtandao uliendelea kuvuka bila kupimwa homa. Nikanunua laini ya Kenya, nikahamia kichuguuni.

Siku ya kuwasilisha ripoti za utafiti, mwenzangu wa darasa alikuja kwa miguu kutoka Bulumbi. Boda boda zilikuwa zimekatazwa kubeba watu, na simu yake ilikuwa ile ndogo ya kupiga na kupokea tu. Basi tulikuwa wawili na simu moja, yangu, na mawingu yalikuwa yameinyima sola nguvu, kwa hiyo chaji ilifika nusu. Kila mmoja alipewa dakika kumi. Ambaye hangewasilisha siku hiyo angerudia mwaka mzima. Tulikubaliana nitangulie, nifanye upesi, kisha nimpe simu. Alikuwa amevaa koti la kaka yake, limepigwa pasi, na ripoti yake aliijua kwa moyo. Mimi yangu nilikuwa naisoma kwenye karatasi.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na yule mjane alikuwa ametutangulia kutega kumbikumbi. Alikuwa amefunika upande mmoja wa kichuguu kwa majani ya mgomba, ameacha tundu moja, na chini ya tundu ameweka chungu.

"Wewe nasimama juu ya chakula yangu," akaniambia.

"Samahani, mama. Ni mtihani. Dakika kumi tu."

"Basi gonga kijiti. Hiyo mkono ingine nafanya nini?"

Kwetu kumbikumbi hudanganywa kwa kugongewa vijiti, wadhani ni mvua, watoke. Na mwenye kichuguu habishiwi. Nikashika simu kwa mkono wa kushoto, kijiti kwa mkono wa kulia, mwenzangu akanishikia karatasi, nikaanza kugonga gogo huku nikieleza mbinu za utafiti.

"Nani anabisha mlango?" akauliza profesa aliyeongoza watahini.

"Hapa hakuna mlango, Profesa."

"Tafuta chumba chenye utulivu. Tazama wenzako."

Nikawatazama. Aliyenitangulia alikuwa Kampala, nyuma yake pazia na rafu ya vitabu, na alikuwa amemaliza kulalamika kwamba mtandao wa nyumbani kwao unasuasua. Nilimchukia kwa dakika nzima, naye hakuwa amenikosea kitu.

Nilipofika kwenye mapendekezo, kumbikumbi wakatoka. Walitoka kwenye tundu, wakatoka na pale nilipokanyaga, wakaingia kwenye suruali. Nikaruka. Mjane akapiga kelele, "Usiache kugonga!" Profesa, ambaye alikuwa amenuna tangu mwanzo, akasogeza uso karibu.

"Hao ni kumbikumbi? Hebu geuza kamera."

Nikageuza. Akasimulia jinsi bibi yake alivyowakaanga. Mtahini mwingine akabisha kuhusu chumvi. Mjane akaninyang'anya simu, akawafundisha wote wawili kwamba kumbikumbi hakaangwi kwa mafuta, ana mafuta yake mwenyewe. Walicheka, nami nikacheka kuliko wote, kwa kuwa niliona nimependwa. Mwenzangu alinivuta shati mara mbili. Nilijua anamaanisha chaji. Nikajifanya nafukuza wadudu.

"Hongera, kijana, umepita," profesa akasema mwishowe. "Anayefuata?"

Nikaichukua simu kwa mjane, nikampa mwenzangu. Akafunga vifungo vya koti, akasimama wima. "Habari za asubuhi, waheshimiwa," akasema, na simu ikazima.

Tuliandika barua ya kuomba apewe nafasi nyingine. Chuo kilijibu kwamba kila mwanafunzi anawajibika kwa vifaa vyake. Matokeo yalipotoka, akaja tena kwa miguu ili ayasome kwenye simu yangu. Mimi nilikuwa nimepita vizuri. Mbele ya jina lake kulikuwa na neno moja: Hakuhudhuria.

"Sikuhudhuria," akasema. "Kwa hiyo ile miguu iliyotoka Bulumbi ilikuwa ya nani?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akanirudishia simu, akaniangalia hadi nikanyamaza.