Usiku Shangazi Alipotazama Mapigano

Shangazi yangu ni dobi, na watu anawajua kwa nguo zao. Nyuso humpita. Mteja akija kuchukua mzigo wake akiwa amevaa kitu ambacho hakijawahi kupita mikononi mwake, atamtazama kama mgeni mpaka alitaje shati lake. "Kumbe ni wewe, kola iliyochakaa," atasema, na hapo ndipo salamu zinaanza upya, habari za nyumbani, habari za kazi. Wapo wanaoudhika, lakini wengi wameshazoea. Kuna wakati alimsimamisha barabarani bwana mmoja aliyevaa koti analolijua, akamgombeza kwa kutokuja kuchukua suruali zake. Kumbe mwenye lile koti alishafariki, na yule bwana alikuwa amelinunua mitumbani. Shangazi alirudi nyumbani, na jambo hilo likamkaa moyoni siku nzima.

Kazi yake anaifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba anayopanga. Kuna meza iliyotandikwa blanketi na shuka, pasi mbili, beseni la wanga, na kamba inayokatiza chumba kutoka ukuta hadi ukuta, imejaa mashati ya watu. Ukiyasukuma mashati pembeni unaona mlango wa chumba cha nyuma, na nyuma ya mlango huo alilala mwanawe, binamu yangu, ambaye mtaa mzima tulimwita Rangi.

Rangi alipaka rangi maghorofa. Alikuwa na maneno mengi enzi hizo. "Mimi nafanya kazi juu ya vichwa vyenu," alikuwa akituambia, "kwa hiyo mkinipita mnisalimie mkiangalia juu." Jukwaa lilivunjika akaanguka, chuma kikamtoboa mguu chini ya goti, na kidonda kikaoza hospitalini pale pale. Daktari alimwita shangazi kwenye korido akamwambia achague, mguu au mtu. Shangazi akachagua mtu.

Tangu arudi nyumbani Rangi hakumsemesha mama yake. Hakumtukana, hakumgombeza. Alikuwa na maneno mawili tu kwake, "weka hapo" na "sitaki", la kwanza kwa chai na la pili kwa mengine yote. Kutwa alilala ameelekea ukutani, simu mkononi, akitazama anime, zile katuni za Kijapani za kupigana. Sisi tulisikia panga zikigongana na watu wakipiga kelele kwa lugha tusiyoijua, huku pasi ikipita juu ya mikono ya mashati.

"Ananisemesha kama mpangaji anavyomsemesha mwenye nyumba," shangazi aliniambia. "Hata mpangaji hulalamika bomba likivuja. Huyu halalamiki."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kazi sijapata, kwa hiyo nilimsaidia kukunja. Jioni moja akaniuliza kama kompyuta yangu inaweza kuonyesha hivyo vikatuni.

"Inaweza. Kwa nini?"

"Nataka nivione. Nikivijua nitakuwa na la kumwambia. Mtu humwendei mikono mitupu."

Nilikwenda kwa fundi simu wa pale kona, rafiki yake Rangi, anayemjazia katuni kwenye kadi ya simu. Fundi simu alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Shangazi? Atazame anime?" Kisha akaacha kucheka, akasema subiri. Alinipa flashi yenye hadithi tatu anazozipenda Rangi. "Sijakuwekea sehemu zote, mtakesha wiki nzima. Nimekuchagulia mapigano matupu. Mwambie akichoka na maneno asikate tamaa, ngumi ziko mbele."

Tulianza baada ya wateja kwisha. Shangazi hakukubali kukaa bure, kwa hiyo kompyuta niliiweka mwisho wa meza, yeye akaendelea na sare za walinzi zilizotakiwa asubuhi. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, nami nilimsomea kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ili Rangi asisikie. Kule nyuma nako kulikuwa na kelele za panga.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya shule ya vijana wapiganaji, wote wamevaa mavazi meupe pe. Dakika chache tu damu ikaruka. Shangazi akainua pasi.

"Damu hiyo uiwahi. Maji baridi na chumvi. Ukiweka maji ya moto umejimaliza. Sasa huyu anaendelea kupigana na inakauka."

"Ana adui mbele yake, shangazi."

"Na nyumbani ana mfuaji." Akatazama tena. Kijana wa nywele za bluu alikuwa amesimama, anataja kwa sauti kubwa jina la pigo analotaka kulipiga. "Anasema nini?"

"Anasema, 'Pigo la Radi Tisa.'"

"Anamwambia mwenzake?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana anakwepwa. Mwizi gani anapiga hodi?"

Nilicheka, na yeye akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza nililoliona kwake kwa muda mrefu. Akasema hiyo ni nzuri, ina vijana wenye adabu, wanainamiana kabla ya kuuana. Nikadhani usiku utakuwa mwepesi.

Hadithi ya pili ilituharibia. Ilikuwa ya maroboti makubwa kama milima, yanapigana katikati ya jiji, na kila yakiangukiana mtaa mzima unakwisha. Shangazi aliuliza hizo nyumba za watu nani atazijenga, na waliomo ndani wako wapi. Maandishi hayakusema. Kisha kijana mmoja akatupwa kutoka ghorofa la juu kabisa. Akapita madirisha yote, akatua barabarani, lami ikapasuka. Akainuka. Akapangusa vumbi kwenye suruali yake, akasema neno la mzaha, akakimbia.

Pasi ya shangazi ilikuwa imesimama juu ya mfuko wa shati mpaka nikasikia harufu, nikamgusa mkono. Akaiondoa. Shati lilibaki na alama ya kahawia ya ncha ya pasi, na sijawahi kumwona akiunguza nguo ya mtu kabla ya hapo.

"Hiyo funga," alisema.

"Tuache kabisa?"

"Nimesema hiyo. Zipo tatu."

Ya tatu ilikuwa ya mpiga panga mmoja anayezunguka nchi akimtafuta aliyewaua watu wake. Amevaa koti refu la kijivu, lina tundu la moto kwenye mkono wa kushoto. Shangazi alilipenda koti lile tangu lilipotokea. Alisema ni kitambaa kizito, na aliyelishona alijua kazi, tundu tu ndilo linalomkera. Mtu mwenyewe hakumtazama sana. "Wote wana macho kama sahani," alisema. "Mimi nashika koti."

Sehemu ile iliishia pabaya. Adui alimkata yule wa koti kwa panga lenye sumu, na mkono wake wa kulia ukaanza kuwa mweusi kuanzia vidoleni. Mganga akaja akautazama, akatikisa kichwa. Ikaisha. Nikafungua inayofuata kwenye flashi, na ndani yake alikuwa amesimama juu ya daraja, koti la kijivu, tundu lile lile, mikono miwili mizima, anapigana na watu kumi kwa mpigo.

Shangazi aliiweka pasi pembeni, akaizima kabisa.

"Mkono umepona."

"Inaelekea."

"Waliufanya nini?"

"Hawajasema, shangazi."

Sikuona kosa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye maandishi ya chini, nyuso nilizipita kama yeye. Alivuta kiti akakaa, jambo asilolifanya akiwa na kazi, akatazama mapigano yale ya darajani mpaka mwisho. Yalipokwisha alikuwa ameshika kitambaa cha kunyunyizia maji, anakikunja na kukikunjua.

"Kumbe hiki ndicho anachokitazama kutwa," alisema. "Mkono umeoza, na hawakuukata, na umepona. Analala na hiyo, anaamka na hiyo. Na mimi nampelekea chai."

"Shangazi, ni hadithi tu."

"Kwako."

Akasukuma mashati pembeni akaenda kugonga mlango. Hakuwa na kawaida ya kugonga. Nilimfuata na kompyuta mikononi kwa sababu sikujua niiweke wapi, nikasimama kizingitini.

Rangi alikuwa ameelekea ukutani kama siku zote. Mwanga wa simu ulimulika shavu moja. Chumba kilinuka dawa ya kidonda na godoro. Magongo aliyopewa hospitalini yalikuwa bado yamefungwa kwa kamba kama yalivyokuja.

"Nimemwona yule wa koti la kijivu," shangazi alisema.

Simu ilinyamaza.

"Nimeona mkono wake ulivyokuwa. Nimeona ulivyopona wenyewe. Sikujua kama inawezekana. Daktari aliniambia haiwezekani, nami nikamwamini, maana sikusoma. Kama ningengoja. Nimekuja kukwambia hivyo tu, kwamba nimeelewa kwa nini hunisemeshi."

Nilidhani Rangi atasema "sitaki". Kisha akageuka, polepole, akijivuta kwa mkono.

"Haukupona," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Yule alikufa."

"Nimemwona darajani."

"Yule wa darajani ni mdogo wake."

"Koti ni lile lile. Tundu ni lile lile."

"Amelirithi, mama. Kaka yake amekufa, yeye akavaa koti. Hata nywele si rangi moja." Akanitazama mimi. "Na wewe msomi hukuona?"

Nikasema sikuona. Akapumua kwa nguvu puani, kama mtu aliyechoshwa na wajinga, na kwa sekunde moja alikuwa Rangi wa zamani.

"Kwa hiyo ule mkono ndio uliomuua," shangazi alisema.

"Mganga alitaka kuukata. Akamuuliza, akakataa. Akasema atakufa nao. Lakini aliulizwa."

Shangazi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, upande ule ambao shuka lilikuwa limelala bapa.

"Wewe sikukuuliza," alisema.

"Nilikuwa macho. Mlango ulikuwa wazi. Nilikusikia kwenye korido unazungumza na daktari, nikawa nangoja uingie. Nikasema sasa hivi ataingia. Walioingia ni wao, na kitanda cha magurudumu."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningekataa."

"Nilijua," shangazi alisema. "Ndiyo maana sikuingia."

Nilitamani kuondoka lakini sakafu ya pale hulia ukikanyaga. Rangi alikuwa anamtazama mama yake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wamtoe hospitali, na uso wake haukuwa na huruma. Nilidhani atamfukuza. Badala yake aliinua simu, akatafuta kwa kidole gumba, akaigeuza upande wetu.

"Tazama mwenyewe alivyokufa," alisema. "Usije ukaniambia tena kapona."

Nilipiga magoti kuwasomea, Rangi akanizuia. Maneno ni machache, alisema, yataeleweka. Yule wa koti la kijivu alikuwa amelala porini chini ya mvua, mkono mweusi hadi begani. Mdogo wake alikuwa kando yake. Walizungumza kidogo. Mvua ikaendelea kunyesha juu yao, muziki ukapungua, mdogo akalivua lile koti mwilini mwa kaka yake, mkono mmoja, kisha wa pili, kwa uangalifu. Shangazi aliangalia bila kupepesa.

"Mama yao yuko wapi?" aliuliza.

"Hayupo. Hizi zote hawana mama. Wanakufa mwanzoni kabisa, au hawatajwi."

"Wote?"

"Karibu wote."

Alifikiri. "Mimi ningemkata akiwa amelala," alisema. "Angeamka ananichukia, na mkono hana, lakini angeamka."

"Najua," alisema Rangi. Hakulisema kwa upole. Alichukua simu yake, akajigeuza, kwa shida, ukutani.

Shangazi alikaa kidogo, akalivuta shuka likamfunika Rangi bega. Rangi hakulisukuma, wala hakusema asante. Kisha tukarudi mbele, nikawasha pasi, naye akalichukua lile shati lililoungua, akaliangalia kwenye taa, akaanza kutafuta namna ya kumweleza mwenye shati.