Nguruwe Aliyerukwa

Nilipokuwa mtoto nilikuwa mfupi, na ufupi wangu ulitafutiwa mwenye kosa. Kwetu milimani, juu ya Mbeya, ukimruka mtoto aliyelala unamkatia kimo. Anadumaa hapo hapo, mpaka umruke tena kurudi ulikotoka. Bibi yangu ndivyo alivyosema, na bibi yangu alikuwa habishiwi, hata na mchungaji.

Siku ya kuandikishwa shule, mwalimu aliniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Ndivyo walivyotupima umri, maana vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo. Nikanyoosha, nikapinda shingo, kidole kikaishia kwenye nywele.

"Rudi mwakani," akasema.

"Na mwakani akishindwa," baba akasema njiani, "anakwenda kwa shangazi yake Rujewa, akaamie ndege kwenye mpunga."

Binamu yangu alikuwa ametoka huko kuamia ndege. Sauti ilimwisha, na usingizini bado alikuwa anarusha mawe. Mimi nilitaka shule.

Nyumbani bibi hakuhitaji kufikiri. "Atupele kamruka."

Atupele ni dada yangu. Wakati huo alikuwa darasa la tatu na mdomo anao. "Bibi, mimi sijamruka mtu."

"Umemruka, gwe! Haya, mruke urudi."

Basi kila jioni nalala chali kama maiti, Atupele ananiruka. Siku nyingine kisigino kilinipata puani; kwa bahati mbaya, alisema. Asubuhi najipima kwenye mwimo wa mlango: pale pale.

"Labda unaruka vibaya," bibi akasema.

Atupele alichoka kusingiziwa. "Tujaribu kwa nguruwe," akaninong'oneza. Baba alikuwa na watoto wawili wa nguruwe, wa uzao mmoja, wamelingana. Mmoja tumruke, mwenzake tumwache. Aliyerukwa akidumaa, bibi kasema kweli. Asipodumaa, Atupele hana kosa.

Shida ni kwamba nguruwe hasimami arukwe. Nikawa namwekea viazi vitamu. Akiinamisha kichwa kula, Atupele anapita juu. Mwenzake tulimfungia kando asituletee fujo. Huyo hakuonja hata ganda.

Kufikia mavuno, aliyerukwa alikuwa gunia lenye miguu. Mwenzake mbavu nje. Tukamwita bibi kwa kiburi, tukamweleza yupi karukwa na yupi hakurukwa. Bibi akalizunguka banda, akakohoa.

"Kumbe kuruka kunanenepesha!"

Kesho yake jirani akamleta mwanawe mwembamba arukwe. Wakafuata wengine. Atupele akaruka watoto wa nusu ya kijiji, na mama zao wakamletea mayai. Mimi nilikuwa nawapanga foleni. Hakuna aliyemkumbuka nguruwe, wala sikio langu.

Baba ndiye aliyetuharibia. Alikwenda kuchukua viazi vya kupika, akarudi na kapu tupu, akauliza swali moja tu: "Viazi vyangu vimekwenda wapi?"

Sote tukamtazama nguruwe. Nguruwe alikuwa anatafuna.

Fimbo tulizipata wote wawili. Bibi, yeye hakuona haya hata kidogo. "Kumbe ni viazi! Basi na huyu mfupi apewe." Tangu siku hiyo sahani yangu ikajaa, na maziwa pembeni. Mwaka uliofuata nililishika sikio mbele ya mwalimu na kulizungusha kama kitufe cha redio. Nikasoma mpaka darasa la nne, nikaishia hapo, lakini jina langu naliandika mwenyewe.

Juzi chekechea ya mjukuu wangu Neema, mjini Mbeya, walituita mabibi. Watoto wamepanda maharage kwenye makopo, kopo moja dirishani, jingine kabatini, udongo ule ule, maji yale yale. Mwalimu anawauliza, "Kwa nini tumeweka maji sawa?" Mimi kwanza nilinuna: kilimo gani hiki, mwalimu mwenyewe kucha safi? Halafu nikaelewa. Tulimruka nguruwe na tukamlisha, yote kwa pamoja, kisha tukadai tumepata jibu. Nikawasimulia. Wakacheka mpaka wengine wakalala sakafuni, na hakuna aliyekatazwa kuwaruka.

Neema hakucheka. "Bibi, ulijuaje ni viazi vilivyokurefusha? Si mwaka tu ulikuwa umepita?"

Nikafungua mdomo nimwambie mkubwa habishiwi. Miaka yote hii nimewashindilia watoto na wajukuu viazi kwa ushahidi wa nguruwe, na hakukuwa na mimi mwingine aliyenyimwa, tukasimamishwa pamoja tupimwe. Nikaufunga.

"Sijui," nikasema.

Mwalimu akapiga makofi. Anapigia nini, anajua yeye. Kwa umri wangu, kusema sijui mbele ya watoto ni kazi kuliko kumruka nguruwe.