Swaumu ya Emna

Emna Triki alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na kwa umbo alimfuata bibi yake mzaa baba: mpana wa mabega, mzito wa nyonga. Baba yake, Bwana Lotfi, aliuza mafuta ya zeituni mjini Sfax. Ndiyo maana Shangazi Zohra, kila alipomwona binti huyo akipita uani, hakukosa la kusema.

"Lotfi, pipa lako moja limeota miguu. Lizibe kabla halijamwagika."

Watu walicheka, naye Emna akacheka nao, kwani asiyecheka huambiwa ana kiburi.

Ramadhani ilipoingia, alipata pa kujificha. Wakati wa futari aligusagusa supu. Wakati wa daku alisingizia usingizi. Mwezi ulipoandama nguo zilikuwa zinampwaya, na shangazi akamshika kiuno akisema, "Kumbe humu ndani mlikuwa na msichana." Neno hilo lilimwingia kama sumu yenye asali. Akafunga zile siku sita za mwezi wa Shawwal. Kisha Jumatatu na Alhamisi. Kisha siku zote.

Bwana Lotfi aliona fahari tupu. Msikitini aliwatambia wenzake: "Wana wenu wanashinda na simu, wangu anashinda na swaumu." Nani angemkataza mtoto kumcha Mungu? Nywele zilimng'oka Emna na kubaki kwenye kitana, hedhi ikakatika, na bado kila alipojitazama kiooni aliliona pipa.

Lakini ipo siku isiyofungwa. Idi ya Kuchinja ilimkaribia kama hukumu. Asubuhi kondoo alichinjwa, ini likachomwa makaani uani, na baba yake akamtilia kipande cha kwanza ndani ya mkate kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, shehe wangu. Leo kula ni ibada."

Mafuta yalikuwa yakichuruzika kwenye kidole cha baba.

"Nimefunga, Baba." Ulimi ulikuwa umemtangulia.

Tabasamu la Shangazi Zohra lilikwama nusu njia.

"Kufunga leo ni haramu, mwanangu," baba alisema. "Wewe wajua kuliko mimi."

"Najua."

"Sasa unamfungia nani?"

Emna alimtupia jicho shangazi yake. Akaupokea mkate, akauma, akatafuna, akaendelea kutafuna, koo likakataa. Mwishowe alitema kiganjani mbele ya wote, machozi yakimtoka bila sauti.

"Hakipiti, Baba. Nataka kumeza, hakipiti."

Bwana Lotfi alimshika kifundo cha mkono ili amwinue. Vidole vyake vikakizunguka, vikakutana, vikapitana. Hakumwinua tena. Aliketi naye chini kwenye saruji, kanzu yake mpya ikilowa damu ya kondoo, akamwambia dada yake bila kugeuka:

"Zohra, zima jiko."

Emna alikuwa bado amefumba kiganja.